Stephen Paget: Mpasuaji aliyebaini kuwa saratani huchagua pa kuota

DAKTARI anapomweleza mgonjwa kwamba saratani iliyoanzia kwenye titi imefika kwenye ini au mifupani, habari hiyo huwa nzito kuliko ile ya kwanza. Uvimbe uliotulia mahali pamoja mara nyingi waweza kukatwa na kuondolewa. Ule uliosambaa ndio husababisha vifo vingi zaidi miongoni mwa wanaougua maradhi haya.

Lakini ni kwa nini saratani ya titi ivamie ini mara kwa mara na kuuacha wengu, ilhali viungo hivyo viwili vimo tumboni na hupokea damu kupitia mishipa inayochipuka kwenye shina moja? Miongoni mwa waliolivalia njuga swali hilo mapema zaidi ni mpasuaji Mwingereza, Stephen Paget.

Paget alizaliwa Julai 17, 1855, jijini London, akiwa mtoto wa kiume wa nne wa Sir James Paget. Babake alikuwa mmoja wa wapasuaji waliosifika mno nchini Uingereza katika karne ya 19, na alimhudumia Malkia Victoria. Hadi leo kuna ugonjwa wa mifupa na mwingine wa chuchu unaoitwa kwa jina lake.

Aila hiyo ilikuwa ya wasomi na watu wa dini. Kaka zake wawili, Francis na Luke, walikuja kuwa maaskofu wa Kanisa la Anglikana. Stephen naye alifuata nyayo za babake, maana maji hufuata mkondo. Alisomea Shrewsbury, akajiunga na Christ Church katika Chuo Kikuu cha Oxford, kisha akapata mafunzo ya udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, London, ambako babake alikuwa amejijengea jina.

Katika enzi hizo, madaktari wengi waliamini kwamba saratani husambaa kama takataka zinavyochukuliwa na mto. Kipande cha uvimbe kilichomeguka kilidhaniwa kubebwa na damu hadi pale mshipa unapokuwa mwembamba, kikanasa na kuanza kukua. Kwa mujibu wa fikra hiyo, kiungo hakikuwa na usemi wowote. Yote yalitegemea mkondo wa damu ulikoelekea.

Paget hakuridhika. Hakuwa na hadubini mpya wala kemikali ya kujivunia. Alichokifanya kilifanana zaidi na kazi ya karani: alikusanya kumbukumbu za uchunguzi wa maiti za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti, akahesabu viungo ambavyo uvimbe ulikuwa umefika.

Matokeo aliyachapisha katika jarida la Lancet mnamo Machi 23, 1889. Ini lilikuwa limevamiwa kwa wagonjwa 241. Wengu ulikuwa umevamiwa kwa wagonjwa 17 tu. Aidha, alibainisha kwamba mifupa nayo haikushambuliwa kwa usawa; baadhi iliathirika mara nyingi huku mingine ikisalimika.

Pengo kubwa kiasi hicho halingeweza kuelezwa kwa bahati nasibu wala kwa mkondo wa damu peke yake. Paget alilieleza kwa mfano ambao mkulima yeyote angeuelewa: mmea unapokomaa, mbegu zake hutawanyika kila upande, ila huota tu pale zinapoangukia udongo unaozifaa. Seli za saratani ndizo mbegu, na viungo vya mwili ndio udongo. Hakudai kuwa wa kwanza kuwaza hivyo, bali alikiri kwamba daktari wa macho wa Austria, Ernst Fuchs, alikuwa amemtangulia kugusia jambo hilo.

Hata hivyo, makala hayo hayakuitikisa dunia. Miaka miwili baada ya kifo chake, yaani mwaka wa 1928, mtaalamu mashuhuri wa Marekani, James Ewing, alitilia mkazo upya fikra kwamba mkondo wa damu na umbo la mishipa vinatosha kueleza safari ya saratani. Kwa miongo kadhaa, wengi walimfuata Ewing.

Paget mwenyewe alikuwa amegeukia mambo mengine. Aliingia katika upasuaji wa masikio na koo katika hospitali ya Middlesex, na akaandika vitabu vingi, vikiwemo wasifu wa babake uliotoka mwaka wa 1901. Katika kitabu chake cha 1896 kuhusu upasuaji wa kifua, alipendekeza kwamba upasuaji wa moyo huenda ulikuwa umefika ukomo uliowekwa na maumbile. Mwaka huo huo, Ludwig Rehn wa Ujerumani alishona jeraha la moyo, na mgonjwa akapona.

Mwaka wa 1908, Paget aliasisi chama cha kutetea utafiti wa kitabibu unaotumia wanyama, wakati ambapo upinzani dhidi ya majaribio hayo ulikuwa mkali nchini Uingereza. Alifariki Mei 8, 1926, akiwa na umri wa miaka 70.

Ajabu ni kwamba majaribio ya aina hiyo ndiyo yaliyokuja kumtetea. Mwaka wa 1980, Ian Hart na Isaiah Fidler, wakifanya kazi nchini Marekani, walipandikiza vipande vya pafu, ovari na figo kwenye misuli ya mapaja ya panya, kisha wakaingiza seli za saratani ya ngozi kwenye damu yao. Uvimbe uliota katika vipande vya pafu na ovari, lakini si katika vile vya figo. Udongo ulikuwa na usemi.

Ilibaki kujua mbegu huutambuaje udongo wake. Sehemu ya jibu ilipatikana wataalamu walipozitambua protini za kunata, yaani zile zinazoziwezesha seli kushikana na kuzishika nyuzi zilizo pembeni mwao. Katika miaka ya 1980, Mjapani Masatoshi Takeichi alieleza kundi la protini zinazoitwa kadherini. Mnamo 1986, jopo lililomjumuisha Richard Hynes nchini Marekani lilitoa jina la integrini kwa kundi lingine.

Kadherini hufanya kazi kama saruji baina ya matofali. Seli inapoipoteza, hubanduka kwa urahisi kutoka kwa jirani zake. Katika aina moja ya saratani ya matiti, inayohusishwa na sehemu zinazotengeneza maziwa, kadherini muhimu huwa imetoweka mara nyingi, na chini ya hadubini seli huonekana zikiandamana moja nyuma ya nyingine mithili ya siafu. Si saratani zote hufanya hivyo. Nyingine husonga kwa makundi, seli zikiwa zingali zimeshikana.

Mti hauendi ila kwa nyenzo, na miongoni mwa nyenzo kuu za seli ni integrini. Protini hizi hupenya utando wa seli. Kwa nje hushika nyuzi kama kolajeni, na kwa ndani huungana na kamba zinazovuta. Seli hunyoosha upande wa mbele, ikashika, ikajivuta, kisha ikaachilia upande wa nyuma. Ikishika mno hukwama. Ikishika kidogo mno huteleza. Isitoshe, nyuzi za kolajeni zilizonyooka kutoka kwenye uvimbe huwa kama njia ambayo seli huifuata.

Binadamu ana aina 24 za integrini, na kila aina ina vitu maalumu inavyoshika. Mwaka wa 2015, jopo la David Lyden wa Weill Cornell, New York, lilionyesha kwamba vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli za saratani hubeba integrini zinazoamua vitakakotua. Baadhi huvielekeza kwenye mapafu na nyingine kwenye ini, ambako huandaa mahali kabla ya seli zenyewe kuwasili.

Kugeuza maarifa hayo kuwa tiba kumekuwa kibarua kigumu. Dawa moja ya kuziba integrini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani kali ya ubongo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2014 yalionyesha kwamba haikurefusha maisha yao. Protini hizo hizo hutumiwa pia na seli zenye afya, na seli ya saratani ikifungiwa njia moja yaweza kutafuta nyingine.

Sayansi ya leo pia haijautupilia mbali mkondo wa damu. Hukubali kwamba ndio hubeba mbegu. Lakini wanaotafuta tiba sasa huichunguza seli inayosafiri pamoja na kiungo kinachoipokea, jambo ambalo Paget alilihimiza mwaka wa 1889 kwa kulinganisha ini na wengu.