Mwalimu Aliyeufuga Upepo

Kuna mwalimu mmoja ambaye sisi wa Garissa, wenye upepo na vumbi tele, tunafaa kumjua. Naye ni Poul la Cour, aliyezaliwa Denmark mwaka 1846, akafundisha sayansi katika shule ya mashambani huko Askov.

Mwaka 1891 alijenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Lakini upepo ukitulia, je? Basi akatumia umeme huo kutenganisha maji yawe hidrojeni na oksijeni, akaihifadhi hidrojeni. Tangu 1895 hadi 1902 ndiyo iliyowasha taa za shule. Kumbe oksijeni kidogo ikipenya humo hulipuka! Madirisha yalivunjika mara kadhaa, mzee hakukata tamaa. Alifariki mwaka 1908, akiwa amefunza vijana wa vijijini ufundi wa umeme.

Mbona namtaja? Wakati wa kiangazi, kinyesi cha mifugo huoza katika silanga zetu na kumaliza oksijeni ya maji, yakanuka. Upepo waweza kuendesha pampu ya kusukuma hewa hadi chini, harufu ikapungua. (Ya kunywa bado tutachemsha!) Wenzangu wa maabara, tuanze na pipa moja.