Ana Mendieta: Msanii aliyeacha umbo lake ardhini

WAPENZI wa sanaa wanapojadili binadamu asiyeonekana, jina la Ana Mendieta halikosi kutajwa. Katika kazi zilizompa sifa, mwenyewe hayumo. Limebaki umbo lake tu, lililofanyizwa kwa matope, maua, baruti au moto.

Alizaliwa Havana, Cuba, mnamo Novemba 18, 1948. Babake alipokosana na utawala wa Fidel Castro, Ana, wakati huo akiwa na umri wa miaka 12, alisafirishwa hadi Marekani pamoja na dadake Raquelin. Mpango huo wa mwaka 1961 ulikuwa miongoni mwa safari zilizowahamisha watoto zaidi ya 14,000 bila wazazi wao. Katika jimbo la Iowa, walilelewa katika makao ya watoto na nyumba za walezi, wageni wasio na kwao.

Alisomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Iowa. Mnamo 1973 alilala ndani ya kaburi la kale huko Yagul, Mexico, akafunikwa kwa maua meupe hata uso usionekane. Huo ukawa mwanzo wa mfululizo wa Silueta, alioundeleza hadi 1980. Hatimaye aliuondoa mwili kabisa, akaacha alama yake mchangani na udongoni ili mvua, mawimbi au moto viifute. Picha na filamu ndizo zilizosalia. Anayezitazama hulazimika kujiuliza ni nani aliyekuwa hapo, na kwa nini hayupo tena.

Swali hilo alilipeleka pia mjini New York. Mnamo 1980 alishiriki kuandaa maonyesho ya wanawake wasanii wenye asili ya Ulimwengu wa Tatu, kwa kuwa hata vuguvugu la kutetea wanawake liliwasahau.

Septemba 8, 1985, alianguka kutoka orofa ya 34 ya jengo alimoishi na mumewe, mchongaji mashuhuri Carl Andre, akafa akiwa na umri wa miaka 36. Andre alishtakiwa kwa mauaji, lakini mahakama ikamwachilia huru mnamo 1988.

Mnamo 1992, makumbusho ya Guggenheim yalipofungua tawi jipya mjini humo na kuonyesha kazi za Andre, mamia ya waandamanaji walikusanyika nje wakiuliza Ana yuko wapi. Aliyewafunza watu kuitambua nafasi ya asiyekuwepo alikuwa sasa akitafutwa kwa njia iyo hiyo.