Mt. Elizabeti na Ghala Lililofungwa

Mt. Elizabeti wa Hungaria alifariki 1231 ana miaka 24 tu, umri wa wengi wetu. Mwaka 1226 njaa iliikumba Thuringia, Ujerumani, mumewe, mtawala Ludwig, akiwa Italia. Nafaka ilikuwepo, jamani, ila iko ghalani kwa wakubwa. Elizabeti akafungua maghala, akalisha maskini kila siku. Mavuno yalipofika akawapa wenye nguvu viatu na miundu wakavune. Kinachonigusa zaidi ni habari za mezani kwake. Alikuwa anauliza chakula kimetoka wapi. Nimesoma falsafa, na swali hilo naliona zito kuliko mengi ya darasani. Kama wakulima walinyang'anywa, basi hali, hata abaki na njaa mbele ya sahani zilizojaa.