Masinde Muliro: Jamaa Aliyepigania Hizo Kilomita 70 za Kitale na Bungoma

Ukiuliza simu yako ndege kutoka Kitale hadi Bungoma inachukua muda gani, itakupigia hesabu fasta: kilomita 70 hivi kwa mstari ulionyooka, kama robo saa kwa ndege ndogo. Lakini usitoe doo bado, bosi. Hakuna ndege ya abiria inayopiga hiyo ruti. Utapanda matatu, upite Kiminini na Kamukuywa, uzungukie Webuye, magoti yakiwa yamebanwa na gunia la mahindi la mathe wa wenyewe.

Sasa kuna msee ambaye hicho kipande kilikuwa maisha yake yote. Jina unalijua: Masinde Muliro. Ndiyo, yule wa chuo kikuu pale Kakamega, na wa zile Muliro Gardens ambazo picha zake zilikuchekesha mtandaoni. Stori yake je?

Alizaliwa 1922 Matili, pande za Kimilili, Bungoma. Aliachwa yatima akiwa mdogo. Akasoma hadi Tororo, Uganda, kisha 1949 akajitoa mpaka Chuo Kikuu cha Cape Town, wakati ubaguzi wa rangi kule ulikuwa unaiva. Alirudi 1954 na digrii na mke wa huko huko. Mwaka wa 1957, Waafrika waliporuhusiwa kuchagua wabunge wao kwa mara ya kwanza, akamwangusha W.W.W. Awori, na huyo hakuwa mtoto kwa siasa.

Hapo ndipo hako ka-safari kafupi kanakuwa noma. Kitale ilikuwa ya masetla. Mtu wa Kimilili alivuka kwenda kulima shamba la mzungu, si lake. Uhuru ukikaribia, Muliro alitaka Kitale iwekwe Magharibi, pamoja na Bungoma. Daniel arap Moi, ambaye walikuwa naye chama kimoja cha KADU, aliitaka Bonde la Ufa. Moi akashinda. Hebu fikiria, mbogi moja, chama kimoja, na mnavutana juu ya mji ambao unafika kwa matatu kabla chai ya thamosi haijapoa.

Muliro hakuhepa. Alihamia huko huko Trans Nzoia, akalima, akachaguliwa mbunge, akawa waziri. 1975 alipiga kura kuunga mkono ripoti ya mauaji ya JM Kariuki, na Mzee Kenyatta akamtimua kazi chap chap. 1991 akawa mmoja wa wale sita walioanzisha FORD, wakati kupinga Moi kulikuwa kutafuta pingu.

Agosti 14, 1992, alitua Nairobi kutoka London, safari ya masaa manane hivi angani. Akaanguka pale pale uwanjani JKIA na kuaga. Maswali kuhusu hicho kifo hayajaisha hadi leo. Kabla ya uchaguzi wa Desemba FORD ilikuwa imepasuka mara mbili, na Moi akapita katikati.

Alizikwa shambani kwake Trans Nzoia, si Matili. Ukiwa kwa hiyo matatu ya kutoka Kitale, ukifika Kamukuywa chungulia mkono wa kulia. Barabara ya Kimilili inakatia hapo.