Baba ya Simba na Gari la Babu

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Methali hii niliijua kwa mdomo tu hadi likizo iliyopita, babu yangu aliponituma niandike habari za marehemu George Adamson.

Kisa chenyewe ni hiki. Nyuma ya nyumba yetu hapa Bulapesa kuna Land Rover kuukuu isiyo na magurudumu. Kuku hutaga mayai kwenye kiti cha dereva. Tangu utotoni nimeambiwa kwamba gari hilo ndilo lililombeba Elsa, yule simba jike mashuhuri. Aliyemuuzia babu ndiye aliyemwambia hivyo, na babu akatuambia sisi. Basi akaja mnunuzi kutoka Nairobi, mpenzi wa magari ya zamani. Alisema gari kama lilivyo atalinunua kwa bei ya chuma chakavu, lakini likithibitishwa kuwa la Adamson atalipa mara kumi. Babu akanigeukia. Mimi ndiye msomi wa nyumba, niandike karatasi ya kuthibitisha. Na karo yangu ya muhula, jamani, ilikuwa haijalipwa!

Nikaanza kusoma maisha ya mzee huyo. Adamson alizaliwa mwaka 1906 nchini India, wazazi wake wakiwa Wazungu. Alisomea Uingereza, kisha akaja Kenya mwaka 1924 akiwa kijana wa miaka 18. Hakutulia upesi. Alitafuta dhahabu, akauza mbuzi, akawa mwindaji wa kulipwa. Mwaka 1938 aliajiriwa na Idara ya Wanyamapori, akapewa kulinda wanyama wa nchi hii kame ya kaskazini, makao yake yakiwa papa hapa Isiolo. Kazi yake ilikuwa pia kuwakamata wawindaji haramu, kwa hiyo si kila mtu alifurahi kumwona akija. Mwaka 1944 alimwoa Joy, mchoraji aliyezaliwa katika himaya ya Austria.

Siku hizo za kwanza alisafiri sana kwa ngamia. Land Rover ilikuwa haijazaliwa! Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, likitengenezwa Solihull, Uingereza. Bodi yake iliundwa kwa alumini kwa sababu chuma kilikuwa haba baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Tarehe 1 Februari 1956, Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemrukia. Kumbe simba huyo alikuwa na watoto watatu! Akawabeba hadi nyumbani. Wawili walipelekwa Uholanzi katika bustani ya wanyama ya Rotterdam. Mdogo wao, Elsa, akabaki Isiolo, akawa anapanda juu ya paa la Land Rover na kutembezwa kama bibi harusi. Akina Adamson walimfundisha kuwinda hadi akaweza kuishi porini mwenyewe. Joy aliandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1960, na dunia nzima ikamjua. Elsa alikufa Januari 1961, akazikwa Meru. Mwaka huo huo Adamson aliacha kazi ya serikali.

Hapo nikamwendea fundi mmoja wa jua kali, nikamleta alitazame gari letu. Hakuchukua hata dakika tano. Alinieleza kwamba Land Rover za mwanzo zilikuwa na taa za mbele katikati, karibu na rejeta. Taa zilihamishiwa kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Nayo grili ya plastiki ilikuja na toleo la tatu, mwaka 1971. Gari letu lina taa kwenye madigadi na grili ya plastiki. Nikapiga hesabu, mwili ukaniishia nguvu. Gari letu lilipotengenezwa, Elsa alikuwa kaburini miaka kumi au zaidi.

Lakini sikukata tamaa. Adamson mwenyewe aliishi muda mrefu. Mwaka 1970 alihamia Kora, ng'ambo ya mto Tana, akaendelea kulea simba na kuwarudisha porini. Watu wakamwita Baba ya Simba. Joy aliuawa Shaba, hapa karibu nasi, tarehe 3 Januari 1980. Yeye aliuawa tarehe 20 Agosti 1989, akiwa na miaka 83. Majambazi walimvamia mgeni wake, na mzee yule akawasha Land Rover yake na kuwaendea moja kwa moja ili amwokoe. Alizikwa huko huko Kora. Je, gari letu halingeweza kuwa moja la magari yake ya huko?

Nikamwomba babu ufunguo wa sanduku la chuma, nikatoa kitabu cha gari. Gari liliandikishwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa jina la mfanyabiashara wa ng'ombe wa hapa mjini. Mwenye gari wa pili ni babu. Hakuna mwingine.

Usiku ule sikulala. Ningeandika uongo, karo ingelipwa, na nani angejua? Lakini nilimfikiria yule mzee wa Kora, aliyeendesha gari kuelekea kwenye bunduki kwa ajili ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa naogopa kumwambia babu neno moja tu!

Asubuhi nilimweleza yote. Alinyamaza kwa muda, akavuta tasbihi yake, kisha akamwambia mnunuzi ukweli kwa kinywa chake mwenyewe. Mnunuzi akaenda zake. Karo ililipwa kwa mbuzi wawili.

Jioni babu alinisimulia habari nyingine za gari lile, ambazo hakuwahi kunisimulia: jinsi lilivyobeba mahindi ya msaada hadi Merti wakati wa ukame wa 1984, na jinsi mama yangu alivyozaliwa ndani yake njiani kuja hospitalini. Kumbe tulikuwa na historia yetu, tukaikalia na kuazima ya Elsa! Hiyo ndiyo karatasi niliyoiandika, na babu ameitia sahihi.