Maisha ya Askofu Edward Steere, Mtu wa Elimu Nyingi

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa jubilei, si haki tuwataje waliojenga makanisa na shule zetu, tusimtaje mtu yule aliyetufanyia njia ya kusoma katika lugha tunayoielewa. Mtu huyo ni Askofu Edward Steere. Wengi walijua jina lake, kwa kuwa limeandikwa katika vitabu vya Kiswahili vya zamani; lakini si wengi wajuao jinsi alivyokuwa mtu wa elimu mbalimbali, na jinsi elimu hizo, ambazo kwa macho ya watu hazikuwa na udugu, zilivyokutana mwishowe katika kazi moja. Jambo hilo lina faida kwetu, na hasa kwa walimu. Kwa hiyo litaelezwa hapa kwa taratibu.

Edward Steere alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka wa 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, na mtoto naye akaifuata njia ya baba. Alisoma katika chuo kikuu cha London, akapata shahada yake ya kwanza mwaka wa 1847, na ya sheria mwaka wa 1848. Hata mwaka wa 1850, naye ana miaka ishirini na miwili tu, alikuwa amekwisha kupata daraja ya Daktari wa Sheria, akapewa ruhusa ya kusimama mbele ya mahakimu kama wakili. Mlango wa utajiri na heshima ulikuwa wazi mbele yake.

Lakini moyo wake haukutulia katika sheria peke yake. Tangu ujana wake alijifunza kazi ya kupiga chapa. Alijua kupanga herufi na kuendesha mtambo kwa mikono yake mwenyewe, kazi ambayo mabwana wenye shahada hawakuiona kuwa ni yao. Tena alipenda falsafa. Mwaka wa 1856 alitoa kitabu juu ya kuwako kwa Mungu na sifa zake, na mwaka uliofuata akatoa upya kitabu kikubwa cha Askofu Joseph Butler, mwanafalsafa wa zamani. Akachungua pia historia ya vyama vya ndugu vilivyokuwako Uingereza zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Ndipo alipoiacha sheria, akawa shemasi mwaka wa 1856 na kasisi mwaka wa 1858, akatumwa kwa wakulima na wavuvi wa Lincolnshire, mashariki ya Uingereza.

Yamkini jamaa na rafiki zake walimwona kuwa mtu asiyejua atakalo. Leo sheria, kesho mtambo, keshokutwa falsafa, na mwisho kijiji cha mbali! Sisi wenyewe tuna methali isemayo kwamba mshika mbili moja humponyoka. Na huyu hakushika mbili tu, alishika nne na tano. Je, nguvu zake hazikupotea? Jawabu lake lilipatikana Afrika.

Mwaka wa 1863 rafiki yake William Tozer aliwekwa kuwa Askofu wa misheni ya vyuo vikuu, iliyojulikana kwa jina la U.M.C.A. Steere akakubali kufuatana naye. Walijaribu kwanza kukaa katika nchi ya mto Zambezi, wakashindwa. Hata mwezi wa Agosti 1864 wakafika Unguja. Huko Seyyid Majid aliwakabidhi watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao alikuwa John Swedi, na mwingine Francis Mabruki. Watoto hawa hawakujua Kiingereza, wala walimu wao hawakujua Kiswahili. Basi shule ilianza na walimu ambao wenyewe walikuwa wanafunzi.

Hapo ndipo elimu zile zilipoanza kushikana mikono. Kwa miaka mingi wakili amezoea kumsikiliza shahidi, kupima neno lake, na kulilinganisha na neno la mwingine kabla ya kulikubali. Ndivyo Steere alivyofanya na lugha. Alikaa na watu wa mjini, akawauliza, akaandika, akauliza tena. Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, kadhi mwenye sifa kubwa Unguja, alimsaidia katika kufasiri Zaburi kutoka Kiarabu, ingawa dini zao zilikuwa mbali. Na alipopata maneno ya kutosha kujaza ukurasa, hakungoja merikebu iyapeleke Ulaya. Alipanga herufi mwenyewe, akapiga chapa papo hapo Unguja, akawafundisha na vijana kazi hiyo. Msomi aliyechafuka mikono kwa wino alikuwa jambo geni kwa wengi. Lakini bila mikono ile, watoto wangengoja vitabu miaka mingi.

Wala hakukoma katika Kiswahili. Unguja siku zile ilijaa watu wa kila kabila, wengi wao wakiwa wameletwa kwa nguvu pamoja na misafara. Steere aliona ya kuwa mji ule ulikuwa kama maktaba, ila vitabu vyake ni watu. Mwaka wa 1867 alitoa mkusanyo wa maneno na nahau ya Kishambaa, yaani lugha ya milima yetu ya Usambara. Baadaye alitoa na ya Kinyamwezi, ya Kiyao na ya Kimakonde, na maneno ya Kizaramo, ya Kingindo na ya Kingazija. Mwaka ule ule wa 1867 Padre Alington alisafiri mpaka Vuga kwa mtawala wa Washambaa kuomba ruhusa ya kukaa, na mwaka wa 1868 kazi ikaanza Magila, katika nchi ya Bonde. Wakati wageni walipokuwa wakipanda njia ya Usambara, lugha ya nchi ile ilikuwa imekwisha kuanza kuandikwa.

Mwaka wa 1868 alirudi Uingereza. Huko, katika mwaka wa 1870, alitoa vitabu viwili vilivyojulikana kuliko vyote: kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, na kitabu cha hadithi za Waswahili, ambamo wasomaji walikuta kisa cha punda wa dobi na kisa cha Sultani Darai. Angaliweza kuzidharau hadithi hizo kuwa ni maneno ya kuwalaza watoto. Yeye aliona ndani yake lugha iliyo safi, na akili ya watu wenyewe.

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliharibu Unguja, na Askofu Tozer alikuwa mgonjwa. Steere akarudi mwaka ule ule. Mwaka wa 1873 soko la watumwa lilifungwa kwa mapatano ya Seyyid Barghash na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa pale pale penye soko. Mwaka wa 1874 Steere alitabarukiwa kuwa Askofu huko Westminster. Sasa msomi wa sheria na lugha akawa mwashi. Alisimamia ujenzi yeye mwenyewe, akachagua kuezeka kanisa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, paa la mviringo lisilo na boriti. Wako waliohofu kuwa litaanguka miti ya kulishikilia itakapoondolewa. Miti iliondolewa, na paa likasimama.

Hakulisahau bara. Mwaka wa 1875 alimweka Padre Farler Magila, na tangu hapo kazi ya Bonde, iliyokuwa ikiyumba, ikashika mizizi. Mwaka huo alikwenda kwa miguu mpaka nchi ya Wayao, na mwaka wa 1876 watu waliotolewa utumwani waliongozwa mpaka Masasi. Mwaka wa 1879 alimpa John Swedi ushemasi. Yule mtoto wa jahazi akawa shemasi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Na chuo cha Kiungani, kilichohamia Minaki mwaka wa 1925, kiliwalea walimu wengi waliorudi kufundisha Bonde na Usambara.

Askofu Steere alikufa Unguja mwezi wa Agosti 1882, akiwa na miaka hamsini na minne, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Hakukiona kitabu kizima cha Agano Jipya la Kiswahili, alichokitaabikia kwa miaka mingi. Kilitoka mwaka wa 1883. Biblia nzima ilimalizwa na wengine, ikatoka mwaka wa 1891. Na mwaka ule aliokufa, Padre Woodward alitoa kitabu cha lugha ya Kibondei, kwa mfano wa vile vya Steere. Hata mwaka wa 1928, wakuu wa elimu walipokutana Mombasa, walichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha shule za Afrika ya Mashariki, na kazi ya Steere ilikuwa miongoni mwa nguzo za uchaguzi huo.

Basi, ndugu walimu, hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba akiba ya elimu haiozi. Mwanafunzi akiuliza hesabu, useremala, au habari za mimea zitamfaa nini, yeye atakaye kuwa karani, tusimjibu kwa ukali. Steere hakujua, alipokuwa akipanga herufi katika ujana wake, ya kuwa anajiandaa kwa ajili ya watoto wa Unguja. Kilichozikusanya elimu zake si akili nyingi tu, bali haja za watu aliokaa nao: walikosa vitabu, akapiga chapa, walikosa nyumba ya ibada, akajenga.

La pili ni deni. Wale waliompa maneno ya Kishambaa, ya Kiyao na ya Kinyamwezi, na waliomsimulia hadithi, nao walikuwa wasomi wa lugha zao. Lakini wengi wao majina yao hayakuhifadhiwa. Kitabu kinamtaja aliyeandika, wala hakimtaji aliyesema. Katika Bonde, Usambara na pwani yote ya Tanga, wako wazee wajuao majina ya miti ya dawa, mipaka ya koo, nyota za wavuvi, na hadithi zisizoandikwa bado. Mwalimu aendaye kuwauliza na achukue daftari, na kabla ya kuandika neno la kwanza, aandike juu ya ukurasa jina la mzee yule.