Nabongo Mumia aliyefungua lango

Mtu wa Pwani akifika Kisumu asitafute ngome mfano wa ile ya Mombasa, walioianza Wareno mwaka 1593 na Waomani wakaitwaa mwaka 1698. Upande huu wa Ziwa ngome ni za namna nyingine. Iko Thimlich Ohinga kule Migori, kuta za mawe yaliyopangwa pasipo chokaa yapata miaka 500 iliyopita. Na kaskazini ya Kisumu, kwa hawa tuwaitao leo Waluhya, palikuwa na miji iliyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki. Huko, katika mji wa Elureko, ndiko alikotawala Mumia bin Shiundu, Nabongo wa Wawanga.

Alirithi kiti cha babake mwaka 1882, nchi ikisongwa na Waluo wa Ugenya. Alipoona ukuta haumtoshi, alifungua lango. Misafara ya Waswahili ikapiga kambi kwake, ikamletea nguo, bunduki, na hatimaye Uislamu. (Sisi wa Pwani twapenda kulitaja hilo la mwisho, bunduki tukazinyamazia.) Mwaka 1883 alimkaribisha Joseph Thomson, mwaka 1885 akapita Askofu Hannington, akielekea Busoga alikouawa.

Kisha akaja Hobley, na Waingereza wakaweka boma lao hapo hapo kwa Mumia. Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia katika ngome zao za udongo, Lumboka na Chetambe. Zilivunjwa kwa bunduki ya Maxim, damu ikamwagika nyingi, na Wawanga walikuwa upande wa washindi. Ugenya nayo ikapigwa. Nduguze Mumia wakapewa uchifu, Murunga juu ya Wabukusu, Mulama juu ya Wamarama. Naye mwenyewe mwaka 1909 akafanywa chifu mkuu.

Wako wamwitao msaliti, wako wamsifuo kwa busara. Mimi naona kiti chake alikiokoa kweli, walakini gharama walilipa majirani.

Na wageni hawakukaa. Mwaka 1901 reli ilifika ziwani, Kisumu ikiitwa Port Florence, na biashara ya misafara ikahamia kwenye gati. Mwaka 1920 ofisi ya wilaya ikapelekwa Kakamega. Mzee akabaki Elureko, ambayo wageni walikwisha kuiita Mumias kwa jina lake, mpaka alipofariki tarehe 24 Aprili 1949.